Barua kwa mwanangu: uliniuliza mbona sikulia

Marahaba mama, najua hapo umeshanipa shikamoo yangu kimoyomoyo.

Juzijuzi kwenye simu uliniuliza kitu nikashindwa kukujibu nikasingizia chaji inaisha. Chaji ilikuwepo. Uliniuliza baba mbona siku ya kumzika bibi wewe hukulia, manake shangazi zako wamekusimulia walivyolia mpaka wengine wakawa wanashikwa, baba yako mdogo naye kalia mbele za watu, mimi nimesimama tu macho makavu kama nahesabu watu. Hilo swali nimekaa nalo siku nne. Leo huku mlimani mvua imeanza tangu alfajiri na haina dalili ya kukatika, shambani hakuendeki, nikasema basi ngoja nimuandikie mwanangu, manake kwa mdomo najua sitafika mwisho. Usome taratibu ukitoka zamu, ni ndefu.

Kwanza kweli nilikuwa nawahesabu. Kwetu maiti haicheleweshwi, amefariki usiku wa kuamkia Jumatatu na baada ya Adhuhuri tukamtoa, ndo maana wewe wa kutoka Mwanza ulivyofika Jumatano udongo wa kaburi ulishaanza kukauka, na hilo najua linakuuma ila usijilaumu hata kidogo. Ungekuwepo ungeona kitu. Ile njia ya kutoka nyumbani mpaka makaburini unaijua ilivyo nyembamba na inavyopanda, mvua ya usiku ilikuwa imeilainisha, na jeneza lilikuwa haliendi kwa kubebwa, lilikuwa linaenda kwa kupokelewa, mikono kwa mikono, watu wamejipanga kando ya njia kutoka chini mpaka juu kila mmoja anataka bega lake liguse. Mimi mwanae wa kumzaa nilibeba hatua labda kumi. Nikasukumwa. Nikarudi, nikasukumwa tena. Mara ya tatu mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe kabisa, bibi yako alikuwa mwalimu wake mwaka 1961, akaniwekea mkono kifuani akaniambia, "Pisha kijana, na sisi ni wanae."

Nikapisha. Nina miaka 56 nikaitwa kijana nikapisha, nikasimama kando ya njia nikaanza kuwahesabu, nilifika mia tatu na kitu nikaacha. Na nitakwambia ukweli mama, pale nilichosikia moyoni haikuwa huzuni, ilikuwa ni lile donge langu la zamani. Nikasema hata leo. Hata leo siachiwi.

Hilo donge ndo nataka ulijue lilikotoka.

Wewe jina lako ni lake. Ulivyozaliwa mama yako mwenyewe ndo alisema huyu achukue jina la mama mkwe, na tangu siku hiyo sijawahi kukuita kwa jina, nakuita mama. Kwa hiyo duniani nimewaita mama watu wawili, na yule wa kwanza nahisi sikumuita vya kutosha, manake Januari 1976 nilivyoanza darasa la kwanza mwalimu wa darasa alikuwa ni yeye. Siku ya kwanza kabisa nimekaa mstari wa mbele chini kwenye mkeka, penseli ikanivunjika, nikanyoosha mkono nikasema mama. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Akaweka chaki chini, akanitazama kama anamtazama mtoto wa mtu mwingine, akasema, "Humu ndani hakuna mama. Kuna mwalimu. Sema tena." Nikasema mwalimu penseli imevunjika. Akanichongea kwa wembe, akanipa, akaendelea na ba be bi bo bu.

Usiku ule nikamkomoa. Anasonga ugali nikamwambia mwalimu naomba maji. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanivuta mpaka kwenye magoti yake, mikono yake ilikuwa inanuka chaki na moshi wa kuni kwa pamoja, ile harufu sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote, akaniambia, "Hapa mama." Basi tukakubaliana hivo, juu kule shuleni mwalimu, huku chini mama. Ila mchana ni mrefu, na jioni alikuwa hana.

Nikuelezee jioni zake. Lakini ngoja nianze mbali kidogo, manake wewe umemjua bibi akiwa mzee wa kukaa barazani na miwani imefungwa uzi, na huyo siye niliyemjua mimi.

Amezaliwa 1942 huku upande wa Mlalo. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mkulima, na kitu cha kwanza anachokumbuka katika maisha yake ni mama yake anarudi jioni mgongo haunyooki kwa sababu ya matuta ya Mzungu, manake serikali ya kikoloni ililazimisha watu wa Usambara wachimbe matuta kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko, usipochimba faini, na kazi ilikuwa inawaangukia wanawake. Watu walichukia mpaka 1957 serikali ikaacha. Sasa bibi anasema alikuwa anamuona karani anakuja na daftari anaandika majina ya waliochimba na wasiochimba, na mama yake anasimama mbele ya lile daftari hajui limeandikwa nini, hajui kama jina lake lipo au halipo. Anasema hapo ndo alipotaka kusoma. Alitaka ajue daftari linasema nini.

Shule ya karibu ilikuwa ya misheni na sisi Waislamu, watu wakamwambia baba yake atabatizwa huyo, utampoteza. Yule mzee akajibu kwa Kisambaa, kwa Kiswahili ni kama kusema mwanangu anakwenda kuchukua herufi, dini yake anaiacha nyumbani asubuhi na jioni ataikuta palepale. Akasoma mpaka la nne, akafaulu kwenda middle school mpaka la nane, wasichana waliokuwa wanafika huko enzi zile unawahesabu kwa vidole, halafu akapelekwa chuo cha ualimu Korogwe. Alishuka mpaka Mombo juu ya lori la kabichi. Pale Mombo ndo akaona treni mara ya kwanza, akapanda mpaka Korogwe, na alikuwa anasimulia lile joto la kule chini na mashamba ya mkonge yamepangwa mstari mpaka macho yanachoka, akasema nilidhani nimefika nchi nyingine.

Januari 1961 akaanza kazi. Ana miaka 18. Shule ya udongo, bati juu, sakafu ya vumbi, watoto kama arobaini na kati yao wasichana sita. Kengele ilikuwa pande la reli limening'inizwa kwenye mparachichi, unaligonga na nati kubwa ya lori. Mwaka huohuo Desemba tarehe 9 tukapata Uhuru. Nilimuuliza siku hiyo ilikuwaje, nikitegemea aniambie ngoma na bendera, akaniambia alichokumbuka yeye ni kwamba wiki iliyofuata wazazi wanne walileta mabinti zao kuandikishwa.

Sasa zile jioni. Ilivyokuja Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 shule ikawa na shamba, na yeye ndo mwalimu wa shamba, kwa hiyo saa za kutoka darasani hakuna kurudi nyumbani, kuna bustani ya kabichi na mabanda ya kuku. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kukawa na kisomo, basi kila jioni anawasha chemli anarudi tena palepale kwenye darasa letu na sasa wamekaa wamama wamebeba watoto mgongoni na wazee wameshika penseli kama wameshika jembe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio, watu karibu milioni mbili nchi nzima wanakaa vikundi kusikiliza Radio Tanzania, kikundi cha hapa kiongozi ni yeye, redio ya kwetu, betri za kwetu tunazianika juani ziongeze nguvu, na baada ya kipindi haendi kulala, wanakubaliana nani na nani wanachimba choo kesho. Ukiona vyoo vya zamani kule bondeni vile vya mawe, ni vya mwaka ule.

Kuna mama mmoja mjane kwenye kisomo, alikuwa na mibuni yake, kila msimu akipeleka kahawa anaweka dole gumba anapewa hela anaondoka. Alisoma na bibi yako miezi kama minane. Msimu ulipofika akaenda kwenye mizani, karani akasoma kilo kwa sauti akaandika. Yule mama akainama akatazama daftari, akatazama mshale wa mizani, akasema, "Rudia, mwanangu, mshale umesema vingine." Watu wote kimya. Karani akarudia. Zikaongezeka kilo kumi na moja. Mimi niliisikia hii kutoka kwa bibi yako mwenyewe zaidi ya mara ishirini na kila akiisimulia anafika pale kwenye "rudia mwanangu" anasimama kidogo, macho yanang'aa, halafu ndo anaendelea. Nadhani katika kazi yake yote hakuna mtihani uliofaulu ukamfurahisha kama zile kilo kumi na moja.

Na sisi wanae watano? Sisi tulikuwa na babu yako. Mtu hasemi, ila babu yako alikuwa anapika, anachota maji, anatuogesha, na wanaume wenzake walimsema sana. Alijibu kitu kimoja tu siku zote, "mke wangu yupo kazini." Mungu amrehemu, huyo naye anastahili barua yake.

Halafu ikaja UPE, ile elimu ya msingi kwa kila mtoto. Novemba 1974 Azimio la Musoma likasema kila mtoto aende shule, na lengo ambalo lilikuwa lifikiwe 1989 likavutwa mpaka 1977. Sisi tulioanza 1976 tulikuwa ndo hao. Darasa letu tulikuwa sabini na wawili, wengine wana miaka kumi na tatu, vumbi, hakuna madawati, vitabu kimoja watoto sita, na walimu hawatoshi kwa hiyo vijana waliomaliza la saba wakachukuliwa kufundisha huku wanajifunza ualimu. Hao walimu wa UPE watu waliwadharau sana na mpaka leo ukisikia mtu anasema mwalimu wa UPE anasema kwa kejeli. Bibi yako alikuwa hapendi kabisa hilo neno lisemwe mbele yake. Aliwafundisha wanne barazani kwetu, usiku, wakitoka wao anaingia kusahihisha madaftari. Mmoja alikuja kuwa mwalimu mkuu. Huyo aliniambia kwamba akiwa darasani anafundisha, bibi yako alikuwa anasimama nyuma ya dirisha anasikiliza, akikosea haingii, anasubiri mpaka watoto watoke ndo anamwambia.

Kufundisha kwake mama, ngoja nikuoneshe. Alikuwa anakata chaki moja vipande vitatu kwa kidole gumba, tak tak, bila kutazama. Akimfundisha mtoto kuandika anakuja kwa nyuma, anainama, anaufunika mkono wake kwa mkono wake wote, na herufi ya kwanza wanaiandika pamoja, ya pili anabakiza vidole viwili, ya tatu anaachia ila mkono unabaki hewani hapo juu yake haugusi. Nilikuwa naona wenzangu wote sabini na moja wanafanyiwa hivo. Mimi alinifanyia vilevile wala si zaidi, na mimi nilikuwa nataka zaidi.

Miaka ya themanini mwanzoni baada ya vita vya Kagera hali ilikuwa ngumu sana, sabuni hakuna tunafulia majani ya mpapai, sukari foleni, kule nyuma mwaka wa ukame tulishakula na ugali wa njano wa Amerika ule watu waliuita yanga, lakini kilichomuuma yeye ni chaki. Chaki zilikuwa hazifiki. Ubao anaupaka mweusi mwenyewe na unga wa betri zilizokufa na majani ya kusaga, na chaki anatumia vipande vya muhogo mkavu. Vidole vilikuwa vinapasuka, usiku anavipaka mafuta ya nazi karibu na moto ananyoosha mikono hivi. Hakusema kazi ni mbaya. Hakusema kazi ni nzuri pia, mimi sikuwahi kumsikia anasema ualimu ni wito, alikuwa anasema "nawahi shule" basi.

Na alikuwa anawafuata wasichana. Kuna mmoja wa darasa la tano baba yake alishapokea mahari, bibi yako akaenda na mwavuli wake akakaa uwanjani kwao kuanzia Alasiri. Wakamuuliza mwalimu vipi, akasema, "Sijaja kugombana na mtu, namsubiri mwanafunzi wangu." Wakampa maji akanywa, wakampa chakula akasema ahsanteni, akakaa. Ikapita Magharibi ikapita Isha amekaa tu. Yule mzee akashindwa, kesho yake binti akaja shule. Leo ni nesi amestaafu, alikuwepo msibani, yule mama mrefu aliyekuosha miguu ulivyofika na tope.

Ila mwingine alimpoteza. Darasa la sita, mwaka 1988, akapata mimba, na wakati ule sheria ilikuwa hakuna mjadala anafukuzwa, na mwalimu wa darasa ndo anayekata jina kwenye rejista kwa kalamu nyekundu. Akakata. Nilikuwa nyumbani likizo, nilimuona amekaa jikoni moto umezima hajui. Akawa anakwenda kwao yule binti usiku na chemli yake, mara mbili kwa wiki, karibu miaka mitatu, akamfundisha mpaka ya darasa la saba yote japo mtihani hakuwa na ruhusa ya kufanya. Sasa Novemba 2021 serikali ilivyotangaza waliojifungua warudi shule, sikuwepo nyumbani nikampigia simu kumwambia, ana miaka 79 wakati huo. Akasema rudia. Nikarudia. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, halafu akataja jina la yule binti, jina lote, la baba na la babu, kama anaita rejista.

Sasa nirudi kwangu.

Mwaka ule wa 1976 mwezi wa saba, ile baridi ya kipupwe ukungu haupandi mpaka saa nne, nikaugua surua. Iliua watoto kijijini, wawili nilikuwa nacheza nao. Mimi ninachokumbuka ni kimoja tu, nimefumbua macho ni asubuhi, bibi yangu mzaa baba ananipa uji, nauliza mama yuko wapi, ananiambia kaenda shule. Basi. Nimelala hapo macho yanauma kwa mwanga nasikia kengele ya reli inagongwa kule juu na najua anayeigonga ni yeye. Nilivyopona nikarudi darasani jirani yangu akaniambia wewe ulikuwa unaitwa, mwalimu anaita jina lako halafu anaandika sifuri. Yaani mimi nakufa pale chini, kitandani kwake mwenyewe, na yeye anaita jina langu mbele za watu kama hajui niko wapi, anaandika hayupo.

Nimelibeba hilo miaka 48. Sijakwambia wewe, sijamwambia mama yako. Bibi yako nilimwambia mara moja. Alistaafu 2002 akiwa na miaka 60, mwaka uleule madarasa yamefurika tena kwa sababu ada ya shule za msingi ilifutwa, wakambembeleza abaki na akaendelea kujitolea, na kiinua mgongo chake kikachelewa zaidi ya mwaka, ofisi moja wanamzungusha njoo kesho faili halionekani, mwanamke aliyetunza karatasi za watu maisha yake yote anaambiwa karatasi yake haionekani. Nilimpeleka mara ya sita tukarudi bure, na njiani kupanda kutoka Soni hasira zikanijaa, tulivyofika nyumbani nikamwambia mama umewapa watu maisha yako yote na wao hawakujali, hata mimi nilivyokuwa nakufa na surua ulikwenda kuwafundisha watoto wa watu.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ulikuwa mdogo." Akaendelea kuchambua. Mimi nikaona hata jibu hana, nikatoka nje.

Mama, siku ya tano baada ya mazishi, nyie mmeshaondoka, nikaingia chumbani kwake kupanga vitu. Chini ya kitanda kuna lile sanduku la bati la kijani. Nilidhani ni kanga. Zilikuwa kanga juu, chini zilikuwa rejista. Nikakumbuka, lile jengo la udongo lilivyobomolewa mwaka themanini na ngapi makaratasi ya zamani yalitupwa nje, watu walikuwa wanachukua kusokotea tumbaku na kufungia karanga, yeye akaja na toroli akabeba alichowahi. Nyingi mchwa wameshakula. Ya 1961 imebaki jalada. Ya 1976 darasa la kwanza ipo.

Nikakaa chini sakafuni. Majina sabini na mawili, mwandiko wake ule uliolala kidogo kulia, kijistari kwa aliyekuja na sifuri kwa ambaye hajaja, Januari mpaka mwisho hakuna siku imerukwa, hata siku ya mvua watoto tisa tu wamekuja ameita. Nikafika Julai nikatafuta jina langu. Sifuri nikaziona, zinaanza Jumatatu tarehe 12. Jumanne sifuri. Jumatano tarehe 14 hakuna kitu. Nikadhani macho, nikavaa miwani. Hakuna kitu, si kwangu tu, darasa zima, safu nzima nyeupe kuanzia jina la kwanza mpaka la sabini na mbili. Alhamisi tarehe 15 nyeupe vilevile. Ijumaa inaanza tena, vijistari, na kwangu sifuri, ila ile sifuri ya Ijumaa imetetemeka, haikufunga.

Nikampigia shangazi yako mkubwa, yeye alikuwa na miaka kumi na mbili wakati ule. Nikamuuliza nilivyougua surua ilikuwaje. Akashangaa, akasema kwani hujui, siku mbili ulikuwa hufumbui macho hunywi maji, walishamtuma mtu kwa shehe, mama alikubeba mgongoni usiku na mchana anazunguka nyumba hakai, ukiwekwa chini unalia kwa hiyo hakukuweka chini, alikuwa hata kula anakula amesimama, shule watoto walikuja wakakuta mlango umefungwa wakarudi. Ijumaa alfajiri ukafumbua macho ukaomba uji. Akakuweka kitandani, akanawa uso, akaenda shule.

Mimi nilikuwa naikumbuka ile Ijumaa tu.

Nikabaki na simu sikioni shangazi yako anaita halo, halo, nimeshindwa kujibu. Ndo nikalia hapo mama. Nililia nimeshika lile daftari kifuani mpaka mama yako akaja akasimama mlangoni akarudi akafunga mlango taratibu, na nililia kwa sababu ya yale maharage, jinsi alivyokuwa anayachambua na mimi nimesimama juu yake nampigia kelele na yeye anajua na hasemi. Miaka ishirini na moja baadae ameishi na mimi, nimemletea chai kila asubuhi, na hakusema.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba nililia, ila nilichelewa siku tano.

Rejista nimeifunga kwenye kanga yake ile ya bluu nimeirudisha kwenye sanduku, nimeweka na majani ya mwarobaini mchwa wasiikaribie, Desemba ukija tutaifungua wote uone mwandiko wake. Chemli nayo ipo, kioo kina ufa kidogo ila nimebadilisha utambi na inawaka. Yule mzee mwenye ndevu nyeupe alikuja juzi na mkongojo wake kunipa pole tena, nikamuonesha lile jalada la 1961, akalipapasa, akaniuliza jina lake lilikuwa upande gani, nikamwambia mzee ndani kumeliwa kote. Akasema haidhuru, akaendelea kulishika mpaka chai yake ikapoa.

Mvua imekatika sasa hivi, naenda kutazama mfereji wa juu. Mama yako anakusalimia, anasema ule chakula usiku usilale na njaa, na plamsi zikianza kuiva ataagiza zikushukie na basi.

Lala salama mama.

Ni mimi baba yako.